Kichwa cha Kuhani: Kilemba, Kofia na Bamba la Dhahabu katika Israeli ya Kale

Ukipekua vitabu vitano vya Musa, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati, hutakuta amri hata moja inayomtaka Mwisraeli wa kawaida afunike kichwa anaposali au anapoleta sadaka yake madhabahuni. Ipo amri ya vishada kwenye pindo za nguo. Ipo ya kutonyoa denge. Ipo ya kutoharibu pembe za ndevu. Ya kofia kwa raia haipo. Naanza na hili kwa sababu picha za vitabu vya shule ya Jumapili na filamu za Biblia zimetuzoesha kumwona kila mzee wa Israeli kajitanda kitambaa kichwani mbele za Mungu, kana kwamba hilo lilikuwa sharti la ibada. Halikuwa.

Aliyeamriwa kufunika kichwa ni kuhani peke yake, na kwake lilikuwa vazi la kazi: kitambaa chake kimetajwa, rangi ya uzi imetajwa, dhahabu imetajwa, maandishi yametajwa, na anayelikosa akatumikia hivyo hivyo anajitafutia kifo. Watu wengine wote kichwa chao kilisema kwa hali yake. Kimefungwa vizuri, kimefumuliwa nywele, kimetiwa majivu, kimefunikwa kwa joho: kila hali ilikuwa tangazo, na waliomwona mtu walijua mara moja yuko katika jambo gani. Anayesoma Walawi au Ezekieli bila kushika tofauti hiyo atadhani sheria zinagongana, kumbe kila moja inazungumzia kitu chake.

Nguo za kichwa za kila siku

Picha za wakati wenyewe tunazo, nazo zilichongwa na adui. Senakeribu mfalme wa Ashuru aliuteka mji wa Lakishi mwaka 701 KK, akapamba chumba cha jumba lake huko Ninawi kwa mabamba ya mawe yanayoonyesha mazingiwa hayo hatua kwa hatua. Leo yako British Museum, London. Humo wanaume wa Yuda wamezungusha kitambaa kichwani, na ncha yake yenye matamvua inaning'inia kando ya sikio. Wengine wako kichwa wazi, nywele fupi za kujikunja. Wanawake wamejitanda shela refu linaloanzia utosini, likapita mabegani na mgongoni, likashuka hadi karibu na vifundo vya miguu, na watoto wa kike wamevaa kama mama zao.

Miaka 140 kabla ya hapo, nguzo nyeusi ya Shalmanesa wa Tatu, iliyochimbuliwa Nimrud mwaka 1846, inaonyesha kodi ya Yehu mfalme wa Israeli ikipelekwa Ashuru mwaka 841 KK. Hao wa ufalme wa kaskazini hawana kitambaa cha kuzungusha. Wana kofia laini zilizochongoka. Falme mbili ndugu, dini moja kwa asili yake, na vichwani kila mmoja ana lake. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba kitambaa cha barabarani kilifuata mahali, hali ya hewa na cheo, si madhabahu.

Kitani cha kuhani

Kitabu cha Kutoka, sura ya 28 na ya 39, kinatofautisha vitu viwili. Haruni, kuhani mkuu, anapewa kilemba. Wanawe, makuhani wa kawaida, wanapewa kofia, "kwa utukufu na uzuri". Vyote ni vya kitani safi, na marabi waliohifadhi mapokeo ya Hekalu walieleza kwamba uzi wake ulisokotwa kwa nyuzi 6 kuwa mmoja. Uzi wa namna hiyo ni mnene, haukatiki kwa kuvutwa, na kitambaa chake kikikunjwa kinashika mkunjo badala ya kuteleza. Kwa nguo itakayobanwa kichwani siku nzima, hilo si jambo dogo.

Torati haitoi kipimo cha urefu. Kinachotajwa katika mapokeo, kama Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi, alivyokiandika katika karne ya 12, ni dhiraa 16. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, sentimeta 45 au zaidi kidogo, kwa hiyo tunazungumzia utepe wa kitani wa meta 7 na kitu. Kwa maelezo yake, kipimo ni kimoja kwa kuhani mkuu na kwa wengine, ila mkono wa kupiga unatofautiana: cha kuhani mkuu kilizungushwa mkunjo juu ya mkunjo, jinsi mganga anavyofunga mfupa uliovunjika, na cha makuhani wa kawaida kilizungushwa hadi kikatoka umbo la kofia.

Josephus, mwanahistoria Myahudi, anasema jingine, naye si mtu wa kupuuzwa. Alizaliwa mwaka 37 BK katika ukoo wa kikuhani Yerusalemu, Hekalu likiwa bado limesimama. Anaeleza kwamba kofia ya kuhani haikuchongoka, wala haikufunika kichwa chote bali zaidi kidogo ya nusu yake. Ilikuwa tepe nene za kitani zilizozungushwa mara nyingi na kushonwa pamoja. Juu yake kilivishwa kitambaa chembamba cha kitani kilichoshuka hadi kwenye paji la uso, kikaficha mishono. Kisha anataja sababu ambayo mtu wa kazi hiyo tu ndiye angeifikiria: ilikaa imara ili isianguke wakati kuhani anahangaika na dhabihu.

Na kweli, fikiria kazi yenyewe. Kuhani anainama kukinga damu kwa bakuli, ananyanyua mapaja ya ng'ombe, anapanda mteremko wa madhabahu, anageuza kuni motoni. Kilemba cha meta 7 kilichopigwa alfajiri kwa mkono kingelegea kabla ya saa tatu asubuhi. Ndiyo maana naona Josephus anatuonyesha jinsi makuhani wa kawaida walivyofanya katika miaka ya mwisho ya Hekalu, yaani kofia iliyokwisha kushonwa, na Maimonides anatuonyesha sheria ilivyofahamika asili yake: kitambaa kirefu cha kuzungusha. Hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Utepe ule ule ukishapigwa na kushonwa unakuwa kofia.

Utaratibu wa kuvaa haukuachwa kwa hiari ya mtu. Suruali ya kitani kwanza, kwa kuwa uchi haukutakiwa kuonekana hata dakika moja. Kisha kanzu, kisha mshipi, kichwa mwisho. Kwa kuhani mkuu, kati ya mshipi na kilemba yaliingia joho la samawi lenye njuga, naivera (vazi la juu la kuhani mkuu) na kifuko cha kifuani. Walawi 8 inafuata mfuatano huo huo pale Musa anapomvika Haruni: kilemba kinakuja baada ya Urimu na Thumimu, vitu vya kumwuliza Mungu shauri, kutiwa kifuani, na bamba la dhahabu linakuja baada ya kilemba. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya marabi, inahesabu mavazi 4 kwa kuhani wa kawaida na 8 kwa kuhani mkuu. Palikuwa hata na ofisa wa mavazi, Finehasi, ambaye chumba chake kilikuwa kando ya lango la Nikanori, moja ya malango ya Hekalu.

Kuna habari moja katika Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi, ambayo huniambia mengi kuliko maelezo ya kitambaa. Kila siku kazi za Hekalu ziligawanywa kwa kura, mara 4 kwa siku. Makuhani walisimama kwa duara katika chumba cha mawe ya kuchongwa, kila mmoja akanyoosha kidole, msimamizi akataja idadi, kisha akahesabu vidole akizunguka duara hadi idadi iishe. Pale hesabu ilipoishia, huyo ndiye aliyepata kazi. Lakini duara halina mwanzo, basi wangejuaje hesabu inaanzia kwa nani? Msimamizi alimwendea kuhani mmoja akamvua kofia. Huyo aliyebaki kichwa wazi ndiye wa kwanza. Marabi walijadili kama wakati huo walikuwa wamevaa nguo takatifu au nguo zao za kawaida: Rav Nahmani alisema za kawaida, Rav Sheshethi alisema takatifu. Hakuna aliyeuliza kama kichwa wazi ndani ya ua wa Hekalu ni dharau. Swali hilo halikuwepo kwao. Kofia ilihitajika mkono unapogusa ibada. Nje ya ibada ilikuwa kitambaa ambacho msimamizi angeweza kukivua kuweka alama.

Bamba

Kuhani mkuu alizidi wenzake kwa kitu kimoja kichwani: bamba la dhahabu safi lenye maandishi yaliyochorwa kama machoro ya muhuri, MTAKATIFU KWA BWANA. Upana wake vidole viwili. Urefu, kutoka sikio hadi sikio. Maandishi hayakuchimbwa yakaingia ndani bali yalijitokeza: fundi alilaza uso wa bamba juu ya nta, akagonga kwa nyuma kufuata umbo la kila herufi, herufi zikatokeza mbele. Nta ilikuwa na kazi yake. Dhahabu safi ni laini, ukiigonga juu ya kitu kigumu herufi zinapondeka na ukiigonga hewani bamba linajipinda lote. Nta inalishika bamba na bado inaacha herufi izame.

Ncha zote mbili zilitobolewa, uzi wa samawi ukapita katika matundu na kufungwa kisogoni. Rashi, mfasiri wa karne ya 11, alizingatia tatizo ambalo msomaji makini atalikuta: Kutoka 28 inasema bamba liko juu ya kilemba, na mstari unaofuata unasema liko juu ya paji la uso la Haruni. Jibu lake ni nyuzi tatu, mbili za pembeni na moja ya katikati inayopita juu ya kilemba, zote zikikutana nyuma. Kwa hiyo bamba lenyewe linalala kwenye paji la uso na kilemba ndicho kinachobeba uzito wake. Bila uzi wa katikati, bamba la urefu huo lingekuwa linashuka kwenye nyusi kila kuhani akiinama.

Uzi huo una uzito mwingine. Kilemba ni kitani, uzi wa samawi ni sufu. Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 22 zinamkataza Mwisraeli kuvaa nguo iliyochanganya sufu na kitani, na hapa, juu ya kichwa cha aliye mtakatifu kuliko wote, mchanganyiko huo huo unaamriwa. Hii si bahati mbaya. Naivera imechanganywa pia, na mshipi pia. Mchanganyiko ulikuwa wa patakatifu, na ndiyo sababu ulikatazwa nje. Halafu Hesabu 15 inampa kila mtu wa kawaida uzi mmoja wa samawi katika vishada vya pindo la nguo yake. Kuhani mkuu anao kichwani, mkulima anao miguuni. Ni rangi ile ile, na kwangu huu ni mmoja wa mipango mizuri kabisa katika Torati: taifa zima limefungwa kwa uzi wa aina moja na mtu aliyevaa dhahabu.

Rangi yenyewe ilitoka kwa konokono wa bahari, na wachunguzi wengi leo wanakubaliana kuwa ni yule aitwaye Hexaplex trunculus, apatikanaye ufukwe wa Mediteranea. Rangi ya konokono huyo kwa kawaida hutoka zambarau. Katika miaka ya 1980 mkemia Otto Elsner aligundua kwamba maji ya rangi yakiwa yameyeyushwa birikani na yakapigwa na jua kabla sufu haijachovywa, sufu inatoka samawi. Fundi akifunika birika lake siku ya mawingu anapata zambarau, rangi ya wafalme, na uzi huo haufai kwa bamba.

Kazi ya bamba imetajwa waziwazi: Haruni achukue uovu wa vitu vitakatifu, ili sadaka za watu zikubaliwe. Maana yake kwa vitendo ni kwamba nyama au damu ikiwa imenajisika bila watu kujua, sadaka haikupotea, bamba liliikubalisha. Ila je, lilifanya kazi likiwa limevuliwa? Rabi Yehuda alisema hapana, ni mpaka liwe kwenye paji la uso. Rabi Shimoni alisema ndiyo, na ushahidi wake ni mkali: Siku ya Upatanisho kuhani mkuu anaingia patakatifu pa patakatifu bila bamba, kwa kilemba cha kitani kitupu, na bado upatanisho unafanyika. Na kwa kuwa andiko linasema liwe juu yake daima, walifundisha kwamba alitakiwa kuligusa mara kwa mara kwa mkono ili moyo wake usisahau kilichopo juu ya uso wake.

Siku hiyo ya Upatanisho kilemba kilikuwa na kazi kubwa. Kuhani mkuu aliingia katika mavazi ya dhahabu, akayavua akavaa meupe, akarudi kwenye dhahabu, akarudi kwenye meupe, akamaliza na dhahabu. Kila badiliko lilikuwa na kuoga mwili mzima, mara 5, na kunawa mikono na miguu mara 10. Kilemba kilipigwa mara 5 na bamba lilifungwa mara 3, kwa mtu aliyefunga tangu jana yake na kukesha usiku kucha. Mishna inasema kitani cha asubuhi kilitoka Pelusio, Misri, na cha alasiri kilitoka India.

Kuhusu mafuta ya upako, mpangilio wa Kutoka 29 na Walawi 8 unashangaza: kilemba kwanza, bamba, kisha mafuta yanamiminwa kichwani. Yangeloweshaje kichwa kilichofunikwa? Talmudi inataja kwamba kati ya bamba na kilemba nywele za kuhani zilionekana, na nafasi hiyo ilitosha hata kuweka tefilini ya kichwa, yaani kisanduku chenye maandiko. Ukiliweka hilo kando ya neno la Josephus kwamba vazi lilifunika zaidi kidogo ya nusu ya kichwa, tatizo linaisha. Palikuwa na nywele wazi za kupokea mafuta, na kwa mapokeo mengine yalipakwa katikati ya nyusi pia, kwa umbo la herufi X ya Kiyunani.

Yanayoharibu ibada

Kuhani aliyekosa vazi moja, kofia ikiwemo, ibada yake ilibatilika. Aliyezidisha moja, hali kadhalika. Nguo iliyochanika au yenye uchafu, batili. Bandeji juu ya kidonda, chini ya vazi, batili, kwa sababu kitu kimeingia kati ya nguo na mwili. Msingi wake umeelezwa kwa ufupi: mavazi yakiwa juu yao, ukuhani wao uko juu yao, yasipokuwepo, ukuhani haupo. Bila kofia, mwana wa Haruni ni mtu baki aliyesogelea madhabahu, na mtu baki asogeleaye atakufa.

Ndipo tunaelewa ukali wa Walawi 10. Nadabu na Abihu wamekufa kwa moto mbele za Bwana, na baba yao Haruni na ndugu zao Eleazari na Ithamari wanaambiwa wasiache nywele za vichwa vyao zikafumuka, wala wasirarue mavazi yao. Wafasiri wa Kiyunani wa zamani walilielewa kuwa katazo la kuvua kilemba. Kwa vyovyote, matokeo ni mamoja: kufumua nywele ni kuvunja vazi la kazi, na mafuta ya upako yako juu yao. Ndugu zao wengine, nyumba yote ya Israeli, waliruhusiwa kulia. Kwa kuhani mkuu katazo hilo ni la maisha yote. Walawi 21 inamzuia hata kwa baba na mama yake.

Ezekieli 24 ndiyo sura bora ya kujua jinsi Mwisraeli alivyoomboleza, kwa sababu nabii huyo wa ukoo wa kikuhani anaambiwa afanye kinyume siku mke wake alipokufa. Apige kilemba chake, avae viatu, asifunike midomo, asile chakula cha watu. Geuza kila kimoja na unapata taratibu za msiba: kilemba kinavuliwa, miguu peku, kitambaa kinavutwa hadi kufunika sharubu, na majirani wanaleta chakula. Hapo pia linapatikana jibu la kinachowachanganya wengi, kwamba Daudi akimkimbia Absalomu anapanda Mlima wa Mizeituni huku analia, kichwa amekifunika, miguu peku, na watu wa Yeremia 14 wanafunika vichwa kwa aibu ya ukame. Kumbe msiba unavua au unafunika? Unafanya vyote viwili. Kilemba cha heshima kinatoka, joho linavutwa juu ya kichwa na uso. La kwanza ni kuacha fahari, la pili ni kujificha.

Mwenye ukoma katika Walawi 13 anatendewa kama mfiwa: nguo zimeraruliwa, nywele zimefumuliwa, mdomo umefunikwa, naye anapaza sauti kwamba ni najisi. Mnadhiri ni upande mwingine kabisa. Nywele zake zenyewe ndizo taji lake, haziguswi na wembe, na siku za nadhiri zikitimia ananyoa na kuzitia katika moto ulio chini ya sadaka ya amani.

Juu ya wanawake Torati ina maneno machache kuliko mahubiri yanavyodai. Rebeka alisafiri na mtumishi wa Ibrahimu uso wazi, akajifunika shela alipomwona Isaka. Tamari alipojifunika Yuda alimdhania kahaba, jambo lisilowezekana kama shela lingekuwa alama ya kila mke mwenye heshima. Linganisha na sheria za Waashuru wa karne ya 12 au ya 11 KK, ambazo ziliwalazimisha wake za watu kujifunika na kumpa kahaba aliyejifunika mapigo 50 na lami kichwani. Israeli haina sheria ya namna hiyo. Ila Hesabu 5 inasema kuhani amfumue nywele mwanamke anayeshukiwa na mumewe, na hapo inajulikana kwamba nywele zake zilikuwa zimefungwa na kwamba kufumuliwa mbele za watu ni fedheha. Kufikia Mishna, mwishoni mwa karne ya 2 BK, desturi ilikuwa imekaza: mke anayetoka nje kichwa wazi angeweza kuachwa bila kulipwa haki yake ya ndoa.

Kikofia cha utosini ambacho leo kinamtambulisha mwanamume Myahudi ni cha baadaye. Chimbuko lake linaonekana kwa wanazuoni wa Babeli, karne ya 4 BK hivi, mfano Rav Huna mwana wa Yoshua ambaye hakutembea dhiraa 4 kichwa wazi. Talmudi inamtaja kama mtu wa uchaji wa pekee, maana yake wengine walitembea. Katika sinagogi la Dura Europos, Shamu, lililopambwa kwa michoro miaka ya 240 BK, Musa yuko kichwa wazi, na Haruni amevikwa kichwani. Mchoraji yule na waumini wake walikuwa bado wanajua nguo ya kichwa ni ya nani.

Mikononi mwa Roma

Watawala walilielewa hilo vizuri mno. Yohana Hirkano, kuhani mkuu na mtawala wa Yuda, aliyaweka mavazi ya kuhani mkuu katika ngome iliyopakana na Hekalu; Herode akaijenga upya ngome hiyo, akaiita Antonia, na kuyashikilia humo. Arkelao mwana wa Herode alipoondolewa mwaka 6 BK, Warumi wakarithi funguo. Mavazi yalikaa katika chumba cha mawe chini ya muhuri wa makuhani na watunza hazina, na mkuu wa ngome akawasha taa humo kila siku. Siku 7 kabla ya sikukuu yalitolewa, yakatakaswa, yakatumika, na baada ya sikukuu yakarudishwa. Hivyo ilikuwa kwa sikukuu zote tatu na siku ya kufunga, yaani ya Upatanisho. Taifa lisilo na kilemba halina kuhani mkuu, na lisilo na kuhani mkuu halina upatanisho. Mrumi hakuhitaji jeshi kubwa kuliko hilo. Vitellius, liwali wa Shamu, aliyarudisha kwa makuhani mnamo mwaka 36 au 37. Cuspius Fadus, liwali wa Yudea, akataka yarudi Antonia, ujumbe wa Wayahudi ukaenda kwa Kaisari Klaudio, naye mwaka 45 akaamua yabaki kwa wenyewe.

Mwaka 70 Hekalu likachomwa. Josephus anaeleza kwamba kuhani aitwaye Yesu mwana wa Thebuthi, ili aokoe maisha yake, alimkabidhi Tito, jemadari wa Kirumi, vinara, meza, mapazia na mavazi ya makuhani wakuu pamoja na vito vyake. Nyara zikaenda Roma.

Ndiyo sababu ubishi mmoja wa marabi uliweza kuamuliwa kwa jicho badala ya hoja. Walifundisha kwamba maandishi ya bamba yalikuwa mistari miwili, Jina la Mungu juu na "mtakatifu kwa" chini yake, ili Jina lisiandikwe chini ya neno jingine. Rabi Eliezeri mwana wa Yose, katika karne ya 2, akasema: mimi nimeliona Roma, nalo limeandikwa MTAKATIFU KWA BWANA kwa mstari mmoja. Maimonides alipokuja kuandika sheria alishika yote mawili. Lichorwe kwa mistari miwili. Likichorwa kwa mmoja linafaa, na kuna nyakati walilichora hivyo.